Ukoo au Gereza? Asili ya Chama cha 'Ndrangheta katika Milima ya Calabria

Kusini kabisa mwa rasi ya Italia, pale nchi kavu inapokikaribia kisiwa cha Sisilia hata ng'ambo ikaonekana kwa macho, umesimama mlima Aspromonte, ambao kilele chake chapita mita 1,900. Hata jina la mlima huu lina mzozo wake. Wanaolifasiri kwa Kilatini husema ni mlima wenye kuparuza. Wanaolifasiri kwa Kigiriki husema ni mlima mweupe. Tunautaja mzozo huu mdogo kwa kuwa unafanana na ule mkubwa ambao ndio shabaha ya makala haya, yaani mzozo juu ya asili ya chama cha siri kiitwacho 'Ndrangheta, ambacho makao yake ya kale yamo katika vijiji vya mlima huo na nyanda zinazouzunguka. Chama hiki ni cha jinai, na kimejengwa juu ya koo. Kila tawi lake, liitwalo 'ndrina, aghalabu huwa ni jamaa ya damu pamoja na wakwe zake, nalo hujulikana kwa jina la ukoo huo. Swali tulilojiwekea ni hili: je, ukoo ndio uliokizaa chama, au chama kilizaliwa kwingine kisha kikajivika ukoo?

Yamkini msomaji atauliza faida ya swali lenyewe. Faida ipo, nayo si ndogo. Ikiwa uhalifu umetoka katika ukoo, basi hapana tofauti kubwa kati ya kusema hivyo na kusema kwamba watu wa milimani huzaliwa nao. Na neno hilo limekwisha kusemwa. Cesare Lombroso, daktari aliyekuwa Calabria na jeshi la Italia mwaka 1862, alilichunguza baadaye fuvu la kichwa la Mkalabria mmoja, Giuseppe Villella wa Motta Santa Lucia, aliyekuwa amefungwa kwa wizi. Nyuma ya fuvu hilo aliona kishimo ambacho, kwa maoni yake, kilikuwa alama ya mtu wa kale asiyestaarabika. Juu ya kishimo hicho akaijenga nadharia nzima ya mhalifu wa kuzaliwa. Nadharia yenyewe ilikufa zamani, lakini fuvu lingali katika jumba la makumbusho mjini Torino.

Sisi wa Kenya hatuna haja ya kwenda mbali ili kufahamu uzito wa fikira kama hiyo. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria mahususi ya kuwahamisha Walaiboni, na kwa sheria hiyo watu wa ukoo wa Talai miongoni mwa Wakipsigis, wake kwa waume, wakongwe kwa watoto, walitolewa katika nchi yao ya juu wakapelekwa Gwassi, kando ya Ziwa Viktoria. Kosa lao lilikuwa kuzaliwa katika ukoo ule. Hatusemi kwamba Watalai walikuwa chama cha jinai, la hasha. Tunasema tu kwamba anayeuchukua ukoo kuwa ndio shina la uhalifu hufikia mwisho wa namna hiyo kwa urahisi sana.

Tuanze na yale ambayo chama chenyewe husimulia. Wanachama wa 'Ndrangheta hufundishwa kwamba hapo kale walikuwako mashujaa watatu wa Toledo, katika nchi ya Hispania, majina yao Osso, Mastrosso na Carcagnosso. Dada yao alivunjiwa heshima, nao wakamwua aliyemtendea hayo. Wakakimbilia kisiwa cha Favignana, karibu na Sisilia, wakakaa humo miaka 29 wakizitunga kanuni za jamii yao. Walipotoka, mmoja alikwenda Sisilia akaanzisha Mafia, wa pili akavuka kuja Calabria akaanzisha 'Ndrangheta, na wa tatu akaenda Napoli akaanzisha Camorra. Ngano hii huingia katika ibada ya kumpokea mwanachama mpya, na maandishi yake yamepatikana katika madaftari yaliyokamatwa na polisi.

Majina yenyewe yatosha kumfanya mwanaisimu atabasamu, kwa maana mzizi ulio katika yote matatu ni neno la Kiitalia lenye maana ya mfupa. Hata hivyo ngano si ya kutupwa. Ina mambo mawili ya kutufaa. Kwanza, inasimulia juu ya ndugu na heshima ya dada, yaani inataka tuamini kwamba chanzo ni damu. Pili, pasipo kukusudia, inatuambia kwamba kanuni zilitungwa na wakimbizi wa sheria waliojifungia kisiwani. Favignana haikuwa kisiwa chochote tu. Ilikuwa na gereza mashuhuri la wafalme wa Napoli. Kwa hiyo ndani ya hadithi ya ukoo mna gereza lililofichwa.

Na Toledo ilitoka wapi? Katika karne ya 19 ilivuma habari ya chama cha kale cha wahalifu wa Hispania kiitwacho Garduña, kilichosemekana kuwa babu wa vyama vyote vya Italia ya kusini. Wanahistoria walipoufuata mkondo huu hadi kwenye chemchemi yake, walikuta riwaya iliyotolewa mwaka 1845 juu ya mambo ya siri ya Baraza la Uchunguzi la Kanisa. Kabla ya riwaya hiyo chama cha Garduña hakina athari yoyote katika hati. Ni kioja cha aina yake: wauaji wanaoapa kwa siri gizani hujipatia nasaba kutoka katika kitabu cha kuwaburudisha wasomaji wa mjini.

Wasomaji wa jarida hili watakumbuka jambo la karibu nasi zaidi. Tarikhi ya Kilwa yasimulia juu ya mfalme wa Shirazi na wanawe sita waliosafiri kwa majahazi saba, kila mmoja akatua na kuanzisha mji wake. Kwa muda mrefu habari hiyo ilichukuliwa kuwa ndiyo historia ya Waswahili. Ni uchunguzi wa lugha, hasa ule wa Derek Nurse na Thomas Spear uliochapishwa mwaka 1985, uliosaidia kuonyesha kwamba Kiswahili ni lugha ya Kibantu iliyokulia hapa hapa pwani, na kwamba hekaya ya Shirazi yatuambia zaidi namna watu walivyopenda kujitambulisha kuliko mahali walikotoka. Bila shaka hatuwalinganishi waungwana wa Kilwa na majambazi wa Aspromonte. Tunacholinganisha ni mbinu ya uchunguzi. Ngano ya mwanzilishi mgeni isikilizwe kwa heshima, lakini msamiati ndio uhojiwe.

Basi na tuuhoji. Jina 'Ndrangheta limepewa na wanaisimu, Paolo Martino akiwa mstari wa mbele, asili ya Kigiriki: andragathia, neno lililoundwa kwa "mwanamume" na "mwema", lenye maana ya ushujaa au uungwana wa kiume. Katika lahaja ya Calabria kipo pia kitenzi 'ndranghitiari, yaani kujitutumua, kutembea kifua mbele. Asili hii yaelekea kuwa sahihi. Kigiriki kilisemwa Calabria tangu karne nyingi, na hata katika karne ya 20 Gerhard Rohlfs aliweza kukitafiti kikiwa hai vijijini upande wa Bova. Lakini kutokana na asili hiyo wengine wameruka hadi kusema kwamba chama nacho ni cha Wagiriki wa kale, au angalau ni cha tangu enzi za Bizanti. Hapo wanapotoka. Umri wa neno si umri wa kitu kinachoitwa kwa neno hilo. Kiswahili kina neno ndege ambalo ni la Kibantu cha zamani mno, wala hapana mtu atakayedai kwa sababu hiyo kwamba babu zetu walisafiri kwa eropleni.

Tena jina hili lilichelewa. Katika kesi za mwisho wa karne ya 19 chama hakiitwi hivyo. Huitwa picciotteria, yaani mambo ya vijana, au huitwa Jamii ya Heshima. Ni katikati ya karne ya 20 tu ndipo jina 'Ndrangheta lilipoenea miongoni mwa wasomaji wa Italia, na aliyelisambaza zaidi ni mwandishi Corrado Alvaro, mzaliwa wa San Luca katika Aspromonte, kwa makala aliyoichapisha mwaka 1955 katika gazeti la Milano. Naye alikuwa akiyajua mambo ya nyumbani kwao.

Ushahidi ulio bora zaidi umo katika majina ya vyeo, ambayo ni ya kale kuliko jina la chama. Cheo cha chini ni picciotto, kijana. Juu yake yupo camorrista. Juu ya huyo yupo sgarrista. Mkuu wa tawi huitwa capobastone, yaani mkuu wa bakora. Mwenye kuzishika fedha ni contabile, mhasibu. Na mwenye kupokea habari na kutoa amri za kila siku ni mastro di giornata, msimamizi wa siku. Na atazame msomaji. Katika orodha hii hamna baba, hamna mjomba, hamna kaka, hamna mkwe. Watu ambao kila kitu chao leo ni ukoo walirithi vyeo ambavyo havina ukoo hata kimoja. Kilichomo ni zamu, hesabu na fimbo. Aidha cheo cha pili kimebeba jina la chama cha mji mwingine, Camorra ya Napoli. Hata jumla ya matawi ya mahali pamoja, ambayo kwa kanuni yapasa iwe na wanachama 49 kwa uchache, huitwa locale, neno litokalo katika "mahali" wala si katika "jamaa". Kwa maoni yangu, lau tusingekuwa na hati hata moja, msamiati huu peke yake ungetuelekeza kwenye taasisi ambamo watu wasio na udugu hulazimika kuishi pamoja, kuhesabiwa na kupangiwa zamu.

Taasisi hiyo ni gereza, na kwa bahati njema hati zipo. Hadi mwaka 1860 Calabria ilikuwa sehemu ya Ufalme wa Sisilia Mbili, uliotawaliwa na wafalme wa nyumba ya Bourbon kutoka Napoli. Serikali hiyo iliwafunga wahalifu na wapinzani wake wa kisiasa pamoja, katika vyumba vikubwa vilivyojaa watu, na utawala wa ndani ikawaachia wafungwa wenyewe. Miongoni mwa waliofungwa katika miaka ya 1850 alikuwa Sigismondo Castromediano, mwungwana wa Puglia aliyetaka Italia iungane, ambaye baadaye aliandika kumbukumbu za kifungo chake. Aliyoyaona ni utawala kamili wa wana-Camorra ndani ya kuta. Walikuwa manyapara wasioteuliwa na mtu. Mfungwa mpya alidaiwa fedha tangu siku ya kwanza, ati za kununulia mafuta ya taa ya Bikira Maria. Chakula, mahali pa kulala, mchezo wa karata, kila kimoja kilikuwa na kodi yake. Vilikuwako vyeo, viapo, mabaraza na mapigano ya visu ya kumpima mwanachama. Yote tunayoyakuta baadaye Calabria yalikuwamo humo, isipokuwa ukoo.

Mwaka 1860, Garibaldi alipokuwa akiikaribia Napoli, waziri Liborio Romano aliwaandika wana-Camorra kuwa askari wa polisi ili mji usiharibike. Garibaldi akaingia tarehe 7 Septemba. Ufalme mpya wa Italia ulitangazwa mwaka uliofuata, nao ukayarithi magereza pamoja na wenyeji wake. Ukawakamata wanyang'anyi na wakulima waasi kwa maelfu, hasa baada ya sheria kali ya mwaka 1863, na kuwajaza humo humo. Kijana wa Calabria aliyeingia kwa kosa la kuiba mbuzi alitoka akiwa na cheo. (Garibaldi mwenyewe, kwa kejeli ya historia, alipigwa risasi ya mguu na majeshi ya ufalme huo juu ya Aspromonte tarehe 29 Agosti 1862.)

Lakini gereza peke yake halitoshi kueleza kwa nini mbegu iliota Calabria. Udongo ulihitajika, nao ulitayarishwa na mambo ya siasa na ya uchumi. Haki ya kupiga kura ilipopanuliwa kidogo kidogo, vyama vya matajiri wa miji midogo viligombea mabaraza, na watu wa visu walikuwa na soko. Mwaka 1869 uchaguzi wa baraza la Reggio Calabria ulibatilishwa kwa sababu ya mkono wao. Katika miaka ya 1880 njia za reli zilijengwa, zikaleta vibarua na fedha za mishahara. Kisha ikaja vita ya ushuru na Ufaransa, iliyoanza mwaka 1887 na 1888, ambayo iliziangusha bei za divai na kuwaacha wengi bila kazi. Ni katika miaka hiyo hasa ndipo mashtaka ya picciotteria yanapoanza kujaa mahakamani, kwanza upande wa Palmi na uwanda wa Gioia Tauro na katika mji wa Reggio, kisha yakapanda mlimani hadi Africo na San Luca. Mwelekeo huo ni muhimu. Wanaodai kwamba chama kilitoka katika vijiji vilivyojitenga kileleni, kwa wachungaji na wasemaji wa Kigiriki, hawana budi kueleza kwa nini hati zinakikuta mapema kwenye masoko, kwenye bandari na kwenye reli.

Picciotteria ya awali, kama wanahistoria wanavyoichora kutokana na kesi hizo, hata haikuwa na sura ya kiukoo. Ilikuwa jamii ya waliotoka kifungoni na vijana waliowafuata, wezi wa mifugo, wacheza karata, na makuwadi walioishi kwa fedha za makahaba. Biashara hii ya mwisho yatupa ufunguo. Mtu anayeishi kwa ukuwadi hapati mke katika nyumba yenye sifa, na binti yake haposwi. Kadiri wakuu wa chama walivyopata ardhi, mizeituni na viti katika mabaraza, ndivyo walivyohitaji ndoa. Wakauacha ukuwadi, na wakawa wahubiri wakubwa wa heshima ya mwanamke. Kwa hiyo heshima ya dada katika ngano ya mashujaa watatu haikuwa chanzo cha chama; ilikuwa cheti cha tabia njema kilichoandikwa baadaye.

Mabadiliko hayo yalikuwa yakiendelea mwisho wa karne. Twaweza kuyaona katika kisa cha Giuseppe Musolino wa Santo Stefano in Aspromonte, aliyevunja gereza la Gerace mwaka 1899, akawaua watu kadhaa waliokuwa wametoa ushahidi dhidi yake au kuwasaidia polisi, akakamatwa mwaka 1901 na kuhukumiwa kifungo cha maisha mjini Lucca mwaka 1902. Watu walimtungia nyimbo kana kwamba alikuwa shujaa aliyepigana peke yake. Uchunguzi wa polisi ulisema kinyume: nyuma yake palikuwa na picciotteria ya kijiji, na ndani ya picciotteria hiyo walikuwamo jamaa zake. Hapo cheo cha gerezani na damu ya nyumbani vimekwisha kuanza kufungamana.

Katika karne ya 20 ufungamano huo ulikuwa kanuni. Mtoto wa kiume wa mkuu huhesabiwa kuwa giovane d'onore, kijana wa heshima, tangu kuzaliwa, kana kwamba mguu mmoja umekwisha kuingia. Koo mbili zikipigana, amani hutiwa muhuri kwa harusi. Tofauti na jirani ni bayana: matawi ya Mafia ya Sisilia hujulikana kwa majina ya mahali, Corleone mathalani, ambapo matawi ya Calabria hujulikana kwa majina ya koo. Na faida yake ilidhihirika pale Tommaso Buscetta alipoanza kusema mbele ya mahakimu mwaka 1984, wakamfuata wengine, na kesi kubwa ya Palermo ya 1986 na 1987 ikakitikisa chama cha Sisilia hadi misingi. Calabria wachache sana walisema. Mwana-Mafia aliyetubu aliwataja wenziwe. Mkalabria alitakiwa amtaje baba, shemeji na mwanawe. Ukoo, ulioingizwa kwa ajili ya ndoa na mali, ukawa ngome dhidi ya mahakama.

Ngome hiyo iliwapotosha pia walioishambulia. Kwa miaka mingi serikali iliona koo tu, kila moja na ugomvi wake, wala haikuona chama. Sheria ya mwaka 1982 iliyoharamisha vyama vya namna ya Mafia haikulitaja jina la 'Ndrangheta. Liliongezwa mwaka 2010. Tarehe 15 Agosti 2007 watu sita waliuawa mbele ya mkahawa mjini Duisburg, Ujerumani, katika kisasi cha koo za San Luca kilichoanza tangu 1991, na ulimwengu ukaziita habari hizo ushenzi wa milimani. Lakini mmoja wa waliouawa alikutwa na picha ya Malaika Mikaeli iliyounguzwa, ambayo ni alama ya kiapo cha kuingia chamani. (Malaika huyo huyo ni msimamizi wa polisi wa Italia tangu 1949.) Mwaka 2010 polisi walionyesha picha za wakuu wa koo mbalimbali wakikutana kwenye patakatifu pa Bikira Maria pa Polsi ili kugawiana vyeo, na mwaka 2016 Mahakama ya Kasasi ilithibitisha kwamba 'Ndrangheta ni chama kimoja chenye uongozi wa pamoja. Yaani, mahakama ilifikia kwa njia ya kamera pale ambapo msamiati wa capobastone na mhasibu ungeweza kuifikisha mapema: chini ya koo kuna mfumo usiotokana na koo.

Suala hili sasa limeingia katika mahakama ya watoto ya Reggio Calabria. Tangu mwaka 2012 mahakama hiyo, chini ya hakimu Roberto Di Bella, ilianza kuwatoa baadhi ya vijana katika nyumba za wakuu wa chama na kuwapeleka mbali, nje ya Calabria, wakasome na kuishi kwa majina ambayo hayamtishi mtu. Wapo waliolalamika kwamba huko ni kuuadhibu ukoo, na hoja yao haifai kupuuzwa na mtu anayekumbuka Gwassi. Tofauti ni kwamba hapa kila mtoto huamuliwa kwa shauri lake, na kwamba msingi wa uamuzi ni kinyume cha ule wa Lombroso: cheo cha giovane d'onore kilibuniwa na watu, na kijana aweza kukivua. Baada ya muda, baadhi ya akina mama wa koo hizo walianza kwenda mahakamani kwa siri, wao wenyewe, kuomba wana wao wachukuliwe.